Skuta Kuukuu ya Kiitalia Katika Nyanda za Juu za Kigoma

Ufukwe wa Ziwa Tanganyika uko katika mwinuko wa karibu meta 770 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo nchi hupanda kuelekea Kasulu, kwenye meta 1,300 hivi, na kisha Kibondo, kwenye karibu meta 1,500. Katika nyanda hizo za juu, nchi ya Waha, ndipo ilipo Kumsenga. Ni nchi ya vilima, migomba na udongo mwekundu. Siku hizi msafiri wa huko hubebwa zaidi na bodaboda zilizoundwa India au Uchina. Hata hivyo, skuta kuukuu ya Kiitalia yaweza bado kumfikia mtu wa Kumsenga, ama kwa urithi wa mzee aliyestaafu, ama kwa kununuliwa Dar es Salaam au Unguja, ambako Vespa zimejulikana kwa miaka mingi.

Na uchukuliwe mfano wa mwalimu wa sekondari aliyenunua Vespa kuukuu ya sentimeta za ujazo 150 huko Dar es Salaam, akaipakia kwenye treni ya Reli ya Kati hadi Kigoma. Pwani ilikuwa ikienda vizuri. Ilipofika nyanda za juu ikaanza kutoa moshi mzito na kupungukiwa nguvu milimani. Kisha siku moja, ikiteremka mlima mrefu, gurudumu la nyuma likafunga ghafla, na mwalimu akaponea chupuchupu kuanguka na mtoto mgonjwa aliyempakia. Fundi wa kijijini, aliyezoea bodaboda, akatamka kwamba injini imechoka na haifai tena.

Je, injini imechoka kweli? Yawezekana sivyo. Yote yaliyompata mwalimu huyo yanaelezeka kwa fizikia na kemia zinazofundishwa katika shule za sekondari. Tena, anayezielewa kanuni hizo aweza kuikomboa skuta, na pengine kuokoa maisha.

Nyigu wa Pontedera

Vespa ilizaliwa katika kiwanda cha Piaggio mjini Pontedera, Italia, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kiwanda hicho kilikuwa kikiunda ndege, nacho kiliharibiwa kwa mabomu wakati wa vita. Amani iliporejea, watu walihitaji chombo rahisi cha kusafiria kuliko ndege za kivita. Kazi ya kukibuni alipewa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye helikopta yake ilikuwa imeruka mwaka 1930. Hati ya kusajili uvumbuzi wa Vespa iliombwa tarehe 23 Aprili 1946. Neno vespa katika Kiitalia maana yake ni nyigu.

Ujuzi wa ndege umo ndani ya skuta hiyo. Haina fremu ya mabomba kama pikipiki nyingine. Bodi yake ya bati la chuma ndiyo inayobeba uzito wote, kama ganda la yai au mwili wa ndege. Gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu, mfano wa gurudumu la ndege, na kwa hiyo hufunguliwa upesi kama la gari. Injini iko ubavuni mwa gurudumu la nyuma na kuliendesha bila mnyororo.

Mwaka 1948 kiwanda hichohicho kilitoa chombo cha magurudumu matatu, kikakiita Ape, yaani nyuki. Kampuni ya Bajaj ya India ilizitengeneza Vespa kwa kibali cha Piaggio tangu miaka ya 1960 hadi 1971, na vyombo vya magurudumu matatu vya kampuni hiyo vimetokana na nyuki huyo wa Kiitalia. Kwa hiyo bajaji inayobeba abiria na mizigo mijini leo ni binamu wa skuta ya mwalimu.

Injini ya mapigo mawili

Tofauti kubwa kati ya Vespa kuukuu na bodaboda ya kawaida imo ndani ya injini. Bodaboda nyingi za leo zina injini ya mapigo manne. Ndani yake pistoni hupanda mara mbili na kushuka mara mbili kwa kila mwako mmoja, na oili hukaa katika hodhi lake chini ya injini. Vespa kuukuu ina injini ya mapigo mawili: pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja, mwako umekwisha kutokea.

Hilo huwezekana kwa sababu nafasi iliyo chini ya pistoni, yaani chumba cha krenki, hufanya kazi ya pampu. Pistoni inapopanda, huvuta hewa iliyochanganyika na petroli kutoka kwenye kabureta na kuiingiza humo. Inaposhuka, huusukuma mchanganyiko huo kupitia vijia vya pembeni hadi juu ya silinda, nao huusukuma nje moshi wa mwako uliopita. Vali za kupanda na kushuka hazipo. Ndiyo maana petroli yenye risasi ilipokomeshwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, wenye skuta hizi hawakuwa na hofu ya makalio ya vali kuliwa kama waliyokuwa nayo wenye magari ya zamani.

Faida hiyo ina gharama yake. Kwa kuwa chumba cha krenki ni njia ya petroli, hakiwezi tena kuwa hodhi la oili. Hivyo oili huchanganywa na petroli, ikapita humo, ikalainisha beringi, pistoni na silinda, kisha ikaungua na kutoka pamoja na moshi. Mwenye skuta akisahau oili, injini haina mahali pengine pa kuipata.

Kiasi kinachohitajika hutegemea aina. Vespa za kwanza zilihitaji oili nyingi, karibu asilimia 5. Aina zilizotoka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, ambamo krenki yenyewe hufungua na kufunga njia ya kuingizia mchanganyiko, hutosheka na asilimia 2. Kijitabu cha skuta husika ndicho mwamuzi. Kwa asilimia 2, kila lita 5 za petroli huhitaji mililita 100 za oili, yaani moja ya tano ya chupa ya maji ya nusu lita. Oili hiyo iwe ile iliyokusudiwa injini za mapigo mawili, ichanganywe na petroli ndani ya galoni safi na kutikiswa kabla ya kumiminwa tangini. Oili ikimiminwa peke yake juu ya petroli huzama chini ya tangi. Hapo injini hupewa oili nyingi mno kwanza, kisha kidogo mno baadaye.

Umuhimu wa utando huo wa oili huonekana kwa hesabu ndogo. Silinda ya skuta ya mfano ina kipenyo cha milimeta 57. Pistoni yake ni ya alumini, na silinda ni ya chuma cha kusubu. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma hicho. Joto likipanda kwa nyuzi 200 za Selsiasi, pistoni hunenepa kwa karibu robo ya milimeta, na silinda kwa nusu ya kiasi hicho tu, hata kama ingepata joto lilelile. Nafasi iliyoachwa kati yake ni ndogo. Oili ikikosekana, msuguano huongeza joto, joto hunenepesha pistoni, na unene huongeza msuguano. Mwishowe pistoni huganda ndani ya silinda. Mafundi husema injini imenoki.

Hewa nyepesi ya mwinuko

Sasa irudiwe dalili ya kwanza, ya moshi na unyonge. Pontedera iko karibu na usawa wa bahari, na Dar es Salaam vilevile. Tundu la jeti kubwa ya kabureta lilichaguliwa kwa hewa ya mahali kama hapo. Kwenye meta 1,500, hewa ina uzito wa karibu asilimia 86 tu ya ule wa pwani kwa ujazo uleule. Silinda huvuta ujazo uleule wa hewa kila mara, lakini oksijeni iliyomo imepungua kwa karibu asilimia 14. Nguvu ya injini hupungua kwa kiasi kama hicho, na hakuna fundi awezaye kuirudisha yote.

Lililo baya zaidi ni kwamba petroli haipungui kwa kadiri ileile. Petroli hufyonzwa kutoka kwenye jeti kwa tofauti ya kanieneo katika koo la kabureta, nayo hufuata kipeuo cha pili cha uzito wa hewa, si uzito wenyewe. Kipeuo cha pili cha 0.86 ni karibu 0.93. Kwa hiyo hewa imeshuka hadi asilimia 86 huku petroli ikishuka hadi asilimia 93 tu. Mchanganyiko umekuwa na petroli ya ziada kwa asilimia 7 au 8. Petroli isiyopata oksijeni ya kutosha huacha masizi kwenye plagi, hutoka kama moshi mweusi, na humaliza fedha za mwenye chombo.

Dawa yake ni jeti ndogo kidogo. Jeti za kabureta ya Dell'Orto, ambayo hupatikana kwenye Vespa nyingi, huandikwa namba inayoonyesha kipenyo cha tundu katika sehemu za mia za milimeta. Jeti namba 100 ina tundu la milimeta moja. Ili kupunguza petroli kwa asilimia 7, eneo la tundu lipunguzwe kwa kiasi hicho, na kwa kuwa eneo hufuata mraba wa kipenyo, kipenyo kitapungua kwa asilimia 3.6 hivi. Badala ya namba 100 itafaa namba 96.

Hapa pana onyo kubwa. Petroli ikizidi, hasara ni plagi chafu na fedha. Petroli ikipungua, hasara ni injini yenyewe, kwa maana mwako huwa wa moto mno, na pamoja na petroli hupungua pia oili. Kwa hiyo ukubwa wa jeti upunguzwe hatua moja moja, na kila mara plagi itazamwe. Rangi ya kahawia huonyesha mwako mzuri. Weusi wenye masizi makavu huonyesha petroli nyingi. Weupe au kijivu cha majivu huonyesha petroli kidogo na joto jingi. Skuta iliyopunguziwa jeti Kibondo irudishiwe jeti yake ya zamani kabla ya kupelekwa Dar es Salaam.

Mteremko na hatari yake

Dalili ya pili ndiyo iliyokaribia kuleta msiba. Katika mteremko mrefu, dereva wa chombo cha mapigo manne hufundishwa kuachia mafuta na kuiacha injini ipunguze mwendo ikiwa ndani ya gia. Mafunzo hayo ni mazuri kwa bodaboda, kwa kuwa oili yake haitegemei petroli. Katika skuta ya mapigo mawili, kuachia mafuta ni kufunga pia mlango wa oili. Gurudumu linaizungusha injini kwa kasi kubwa, na injini inapata matone machache tu ya kulainishia. Baada ya dakika chache pistoni yaweza kuganda, na kwa kuwa injini imeungana na gurudumu la nyuma, gurudumu nalo hufunga.

Lakini breki peke yake nazo zina mpaka wake. Skuta, dereva na mzigo vikiwa na uzito wa kilo 180, na vikateremka kimo cha meta 500, kama kutoka nyanda za Kasulu kuelekea ziwani, nishati inayopaswa kuondolewa ni zao la kilo 180, 9.8 na meta 500, yaani karibu jouli 880,000. Nishati hiyo yatosha kuchemsha zaidi ya lita mbili na nusu za maji yaliyokuwa kwenye nyuzi 20. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na matairi, lakini inayobaki huishia katika ngoma mbili ndogo za breki. Ngoma zikipata moto sana, viatu vya breki hupoteza mshiko.

Dereva basi hana budi kugawa kazi. Aanze mteremko kwa mwendo mdogo akiwa katika gia ya chini. Atumie breki zote mbili kwa vipindi, akiziacha zipoe kati ya kipindi na kipindi. Kila baada ya muda mfupi afungue mafuta kidogo kwa nukta moja au mbili, ili petroli na oili zipite. Mlima ukiwa mrefu, apumzike katikati. Na vidole viwili vikae daima juu ya mkono wa klachi, kwani injini ikianza kuganda, dalili yake ni sauti kukaza na mwendo kushikwa ghafla. Klachi ikibanwa papo hapo, gurudumu huachiwa huru na chombo hubaki wima. Mara nyingi injini iliyoganda kidogo, ikiachwa ipoe, huzunguka tena. Lakini silinda lazima ifunguliwe na kukaguliwa kabla ya safari nyingine.

Umeme wa sumaku

Vespa nyingi za zamani huwaka bila betri. Gurudumu zito la sumaku limefungwa kwenye krenki, nalo huzunguka juu ya koili za waya. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika karibu na waya huzalisha umeme, na skuta hutumia kanuni hiyohiyo. Kwa mtu anayekaa mbali na umeme wa gridi jambo hili ni neema, kwani hakuna betri ya kuchajiwa. Upungufu wake ni kwamba umeme huongezeka na kupungua kwa kasi ya injini, na ndiyo maana taa hufifia skuta inaposimama njia panda usiku.

Cheche hutokea wakati platini zinapoachana. Nafasi kati yake huwa milimeta 0.3 hadi 0.5, na ile ya plagi karibu milimeta 0.6, nayo hupimwa kwa vibamba vya kupimia, si kwa jicho. Skuta isiyowaka asubuhi ya mvua mara nyingi haina ubaya mkubwa. Platini zimeingia unyevu au uchafu, nazo hutosheka na kitambaa kikavu na msasa laini.

Kutu, masizi na matairi

Kwa kuwa bodi ndiyo mifupa ya skuta, kutu si aibu ya sura tu. Chuma, maji na oksijeni vikikutana hufanya kutu, na tope jekundu lililoganda chini ya sakafu ya miguu hushika maji kwa siku nyingi. Wakati wa masika skuta ioshwe chini kila juma, ikaushwe, na panapochubuka pakwanguliwe hadi chuma kionekane, kisha papakwe rangi ya msingi. Tundu dogo likiachwa msimu mmoja, sakafu yaweza kukatika skuta ikiwa mwendoni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Oili iungayo pamoja na petroli huacha masizi magumu katika kichwa cha silinda, katika tundu la kutolea moshi na ndani ya ekzosi. Injini huziba pumzi, na mwenyewe hudhani imezeeka. Masizi hayo hukwanguliwa kwa kijiti cha mti mgumu, kwa kuwa chuma huchuna alumini. Giaboksi nayo ina oili yake peke yake, takribani robo lita, isiyochanganywa na ile ya petroli.

Magurudumu madogo ya skuta huingia mashimoni kwa urahisi kuliko ya pikipiki kubwa. Hilo ni umbile lake, wala hakuna ufundi wa kuliondoa. Kinachowezekana ni mwendo wa kiasi, matairi yenye meno, na upepo uliopimwa: takribani paundi 18 kwa inchi ya mraba mbele na 25 nyuma kwa dereva mmoja, nyuma ikiongezwa anapopakia mtu.

Petroli ya chupa na suala la vipuri

Vijijini petroli huuzwa pia kwa chupa kando ya barabara. Mafuta ya taa yakichanganywa humo, mchanganyiko huripuka kabla ya wakati wake na kuipasha pistoni moto mkali. Tanzania ilianza mwaka 2010 kuyatia mafuta alama maalumu ili uchakachuaji ugundulike, lakini alama hiyo huhitaji chombo cha kuipima. Mnunuzi wa kawaida ana njia nyepesi zaidi: tone la petroli safi juu ya karatasi nyeupe hukauka upesi bila kuacha alama kubwa, na lenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta lisilokauka upesi. Maji nayo hujitenga chini ya chupa, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli.

Kuhusu vipuri, mwenye Vespa ana bahati. Baada ya kibali cha Piaggio kumalizika, Bajaj iliendelea kuunda skuta kwa jina la Chetak, iliyofanana sana na Vespa Sprint, na kwa hiyo vipuri vingi vya Kihindi huingiliana na vya Kiitalia. Mwenye kununua achukue kipuri cha zamani mkononi ili vilinganishwe.

Haifai kuficha kwamba injini ya mapigo mawili huchafua hewa. Sehemu ya petroli hutoka nje bila kuungua, pamoja na moshi wa oili, na hiyo ni sababu mojawapo ya viwanda kuiacha. Skuta iliyotunzwa, yenye jeti sahihi na oili isiyozidi kipimo, huchafua kidogo kuliko iliyotelekezwa, lakini haiwezi kuwa safi kama ya mapigo manne. Anayeimiliki anapaswa kulijua hilo.

Mazoezi ya darasani

1. Kipenyo cha silinda ni milimeta 57, na mwendo wa pistoni pia ni milimeta 57. Tafuta ujazo wake katika sentimeta za ujazo, na ueleze kwa nini skuta hiyo huitwa ya 150.

2. Tangi lina lita 8 za petroli. Mililita ngapi za oili zahitajika kwa asilimia 2? Na kwa asilimia 5?

3. Mwalimu peke yake afanye jaribio la tone la petroli na tone la mafuta ya taa juu ya karatasi, nje ya jengo, mbali na moto wowote. Wanafunzi wapime kwa saa muda wa kila doa kukauka, na waeleze matokeo kwa kutumia elimu ya mvukizo.

Skuta ya mwalimu wa Kumsenga, basi, haikuwa imechoka. Ilikuwa imepandishwa mlima bila kupunguziwa jeti, kisha ikateremshwa bila kupewa oili.